Nani Aliyeishusha Picha Ukutani?

Katika nchi ya Marekani ipo aina ya maigizo ambayo huku kwetu haijazoeleka sana. Mwigizaji huvaa mavazi ya watu walioishi miaka 200 iliyopita, husimama mbele ya wanafunzi au wageni wa makumbusho, na kuanza kusema: «Mimi ni fulani.» Hasimulii habari za fulani kwa mbali. Huazima jina lake, sauti yake na mwaka wake. Watazamaji wakimwuliza swali, hujibu kama mtu wa zamani hizo. Wakimtajia simu au ndege, hushangaa kama asiyezijua. Maigizo hayo huitwa historia hai. Mahali panapojulikana kwa kazi hiyo ni Williamsburg, mji wa kale katika jimbo la Virginia, ambao tangu miaka ya 1920 umerudishwa katika sura yake ya karne ya 18.

Miongoni mwa wanaoigizwa mara nyingi ni wake za viongozi wa kwanza wa taifa lile: Martha Washington, Abigail Adams, Dolley Madison. Wanawake hao hawakupiga kura, wala hawakuketi katika baraza lolote la sheria, lakini bila wao historia ya waume zao haielezeki. Leo napenda tumtafakari mmoja wao, Dolley Madison, na jinsi anavyowekwa jukwaani. Nasema mapema msimamo wangu: maigizo ya namna hiyo ni mema, nami natamani yazidi. Lakini mwigizaji anayemvaa mtu mkubwa ana deni kwa watu wadogo waliosimama nyuma ya mtu huyo. Asipolilipa deni hilo, amedanganya, hata kama kila neno alilolitamka ni la kweli.

Kwanza tumjue mama mwenyewe. Dolley Payne alizaliwa mwaka 1768 katika North Carolina, akakulia Virginia, katika familia ya dhehebu la Marafiki, linalojulikana zaidi kwa jina la Quaker. Baba yake, John Payne, alikuwa na shamba na watumwa. Mwaka 1783 dhamiri ilimsukuma kuwaacha huru watumwa wake wote, kisha akahamia Philadelphia pamoja na jamaa yake. Huko alijaribu biashara, ikafilisika, naye akafa maskini mwaka 1792. Binti yake aliolewa na mwanasheria John Todd; lakini mwaka 1793 homa ya manjano iliingia mjini, ikamwua mume huyo na mtoto wao mchanga. Dolley alibaki mjane wa miaka 25, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mwaka uliofuata aliolewa na James Madison, mmoja wa watungaji wakuu wa Katiba ya Marekani. Kwa kuwa Madison hakuwa mshiriki wa dhehebu lao, Marafiki walimwondoa Dolley katika jumuiya yao.

Madison alikuwa rais tangu 1809 hadi 1817. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, asiyependa makundi ya watu. Mkewe alikuwa kinyume chake. Wakati ule Washington ulikuwa mji mchanga wa barabara za matope, na wabunge wengi waliishi katika nyumba za wageni, mbali na jamaa zao, wakikutana na wapinzani wao kwa kugombana tu. Bibi Madison aliifungua Ikulu kila Jumatano jioni. Watu wa chama cha mumewe walifika, na wapinzani walifika vilevile. Mchana watu walitukanana bungeni. Jioni walishika vikombe katika chumba kimoja, wakilazimika kusalimiana. Yeye alizunguka kati yao, na kilemba chake chenye manyoya ya ndege kikionekana kutoka pande zote. Alikumbuka majina, alisikiliza shida, aliwaunganisha waliohitaji kuunganishwa. Hiyo ilikuwa siasa, ingawa haikuitwa hivyo. Mwaka 1844, alipokuwa mjane mzee, Baraza la Wawakilishi lilimpa heshima ya kuwa na kiti chake ndani ya ukumbi wake.

Msichana anayemwona mwanamke kama huyo akifufuliwa jukwaani hujifunza jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: kwamba mwanamke aliyenyimwa kura hakunyimwa akili, na kwamba kuwapatanisha watu mezani ni kazi kubwa ya kuijenga nchi. Kwa sababu hiyo nayasifu maigizo haya.

Sasa tufike kwenye siku ambayo waigizaji wa Bibi Madison huipenda kuliko zote: tarehe 24 Agosti 1814. Marekani na Uingereza walikuwa vitani tangu mwaka 1812. Siku hiyo jeshi la Waingereza lilivunja ulinzi wa Wamarekani huko Bladensburg, karibu na mji mkuu, kisha likaingia Washington na kuichoma Ikulu. Kabla hawajafika, Bibi Madison alikataa kuondoka mpaka picha kubwa ya George Washington iokolewe. Hadithi imesimuliwa hivi kwa watoto wa Marekani kwa vizazi vingi: mama jasiri aliing'oa picha ukutani kwa mikono yake na kukimbia nayo huku adui akikaribia. Picha hiyo ipo hadi leo katika Ikulu ya Marekani.

Lakini siku ile katika nyumba ile alikuwamo kijana wa miaka 15, mtumwa wa akina Madison, jina lake Paul Jennings. Yeye ndiye aliyeiandaa meza ya chakula ambayo wageni wa rais hawakuwahi kuila. Mwaka 1865, akiwa mtu huru na mzee, kumbukumbu zake zilichapwa katika kitabu kidogo, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza kusimulia maisha ya Ikulu ile kutoka ndani. Jennings anaeleza kwamba mtu huru mweusi, James Smith, alifika mbio juu ya farasi, akipunga kofia na kuwaonya watu waondoke. Sukey, mtumishi wa ndani, alikuwa dirishani. Kuhusu picha, Jennings anasema wazi kwamba si Bibi Madison aliyeichukua. Hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo, na kazi yenyewe ilihitaji ngazi. Walioishusha ni bawabu Mfaransa, Jean-Pierre Sioussat, na mtunza bustani aliyeitwa Magraw. Kisha ikapakiwa katika gari la kukokotwa na kupelekwa mbali.

Picha yenyewe ina urefu wa mita 2.4 hivi. Hata barua ya Bibi Madison juu ya siku ile haisemi kwamba aliishusha yeye. Inasema aliamuru fremu ivunjwe na kitambaa kitolewe. Amri ilikuwa yake, na ujasiri wa kungoja ulikuwa wake, hakuna anayemnyang'anya. Mikono ilikuwa ya wengine. Hadithi ndiyo iliyokuja baadaye ikaiondoa ile mikono na kuacha jina moja tu.

Waswahili husema: asiyekuwepo na lake halipo. Mwigizaji anaposimama peke yake jukwaani, akiwa amevaa kilemba na kusema «niliiokoa picha», Sioussat hayupo, Magraw hayupo, Sukey hayupo, Jennings hayupo. Kwa kuwa hawapo, na lao halipo. Watoto wanatoka wakipiga makofi, wakiamini kwamba historia hufanywa na watu wachache wenye nguo nzuri.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko la picha. Katika historia hai mwigizaji huchagua siku ambayo mtu wake anaishi. Akichagua Agosti 1814, Bibi Madison wake hawezi kujua lolote litakalotukia baadaye. Ukimwuliza juu ya miaka ya 1840, atatabasamu na kusema hajui. Na kwa kanuni za maigizo hayo atakuwa sahihi. Kwa hiyo tarehe inaweza kuwa pazia. Kwa kuchagua siku nzuri, mwigizaji hufunika siku mbaya bila kusema neno moja la uongo.

Nyuma ya pazia hilo kuna nini? James Madison alikufa mwaka 1836 bila kumwacha huru mtumwa wake hata mmoja. Mjane alibaki na madeni, na mwanawe wa ndoa ya kwanza aliyafuja mali kwa kamari na ulevi. Bibi Madison aliwauza watumwa, akaliuza na shamba lao la Montpelier mwaka 1844. Mwaka 1841 alikuwa ameandika wasia kwamba Paul Jennings awe huru yeye atakapokufa. Lakini mwaka 1846 alimwuza kwa mtu mwingine kwa dola 200. Mwaka uliofuata Seneta Daniel Webster alimnunua Jennings kwa dola 120, kwa mapatano kwamba azilipe kwa utumishi, dola 8 kila mwezi. Pigeni hesabu: uhuru wa mtu aliyetumikia Ikulu tangu utoto ulikuwa na bei ya jasho la miezi 15.

Mwaka 1848 watumwa 77 walijaribu kutoroka Washington usiku kwa merikebu iliyoitwa Pearl. Walikamatwa. Mmoja wao alikuwa Ellen, msichana wa nyumba ya Bibi Madison, binti wa yule Sukey aliyekuwa dirishani siku Ikulu ilipochomwa. Mama alikuwa ameishi miaka mingi karibu na bibi yake, akimvika na kumhudumia. Binti alikimbia kwa sababu aliogopa kuuzwa.

Na Jennings? Katika kitabu chake anasimulia kwamba Bibi Madison alipofikia umaskini katika siku zake za mwisho, Webster alikuwa akimtuma ampelekee kikapu cha vyakula. Mara nyingine Jennings mwenyewe alitoa fedha kidogo kutoka mfukoni mwake akampa yule mama aliyekuwa amemmiliki. Bibi Madison alikufa mwaka 1849.

Vijana wapendwa, hebu isimamisheni picha hiyo mbele ya macho yenu: mwanamke mzee, aliyewahi kukaribisha taifa zima katika sebule yake, anapokea kikapu mkononi mwa mtu aliyemwuza. Atamwangalia usoni? Atasema nini? Mtu yule ataketi, au atasimama mlangoni kama zamani? Mimi nasema hapo ndipo penye mchezo wa kuigiza. Agosti 1814 ina moto na mbio na makofi. Saa ile ya kikapu ina ukweli. Mwigizaji mwenye ujasiri angeichagua siku hiyo, angalau mara moja, naye angempa Jennings nafasi ya kusema maneno yake mwenyewe kwa kinywa chake.

Najua wengine watapinga. Watasema: si haki kumhukumu mtu wa kale kwa macho ya leo, wakati ule kila mtu alifikiri hivyo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama isingekuwa na jibu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba yake aliwaacha watumwa huru mwaka 1783, Dolley akiwa na miaka 15, umri ule ule aliokuwa nao Jennings siku ya moto. Binti alimwona baba yake akiufanya uamuzi huo, na akauona umaskini ulioifuata familia. Basi hakukosa kujua. Alijua, na alijua pia gharama yake. Pengine gharama ndiyo iliyomtisha. Simtaji hivyo ili nimtukane. Namtaja hivyo kwa sababu ndivyo sisi sote tulivyo. Mara nyingi hatukosei kwa kutojua lililo jema. Tunakosea kwa sababu tumewaona waliolitenda na tumeona lilivyowagharimu.

Wengine watasema: watoto wakisikia hayo watamdharau mama huyo, na nchi itakosa mashujaa. Sidhani hivyo. Mtoto anayefundishwa shujaa asiye na doa, siku akiligundua doa humtupa shujaa pamoja na mwalimu. Bali mtoto anayeonyeshwa mtu mzima, mwenye fadhila zake na kosa lake, hujifunza kupima. Atasema: alijua kuwapatanisha maadui, nami nimwige katika hilo, aliuza watu, nami nijihadhari na kila jambo linaloweza kunifanya nimhesabu mtu kama fedha.

Watasema pia kwamba maumivu kama hayo hayafai kuigizwa, yatafanywa kuwa burudani. Hapa nakiri kwamba hofu yao ina msingi. Huko Williamsburg, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake wa zama za mapinduzi walikuwa watu Weusi, ilikuwa mwaka 1979 tu ndipo waigizaji Weusi walipoanza kusema katika nafsi ya kwanza. Mwezi wa Oktoba 1994 wakathubutu kuigiza mnada wa watumwa hadharani. Walipingwa vikali, hata na vyama vya kutetea haki za Weusi, vilivyoogopa dhihaka. Lakini Christy Coleman, mwanamke Mweusi aliyeongoza idara iliyoandaa mnada huo, hakuwatuma wengine wasimame mahali pa aibu huku yeye akitazama. Alisimama mwenyewe kati ya waliouzwa. Watu walilia, na mmoja wa waliokuja kupinga alikiri baadaye kwamba alichokiona kilibadili mawazo yake. Burudani hutoka katika moyo wa anayeigiza. Aliyeingia kwa heshima, hata jambo chungu hulifanya kuwa ushuhuda.

Na huko Montpelier, nyumbani kwa akina Madison, tangu mwaka 2017 yapo maonyesho yanayosimulia habari za watumwa wa shamba lile, pamoja na wazao wao waliosaidia kuyaandaa. Mgeni hawezi tena kuitazama sebule ya bibi bila kukutana na waliokuwa wakilala chini ya sebule hiyo. Waswahili husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Paul Jennings alinyongwa kwa minyororo na kwa bei. Haki yake ni kutajwa kwamba alikuwapo, aliona, na alisema kweli.

Kwa nini nayaleta haya katika ukurasa huu? Kwa sababu nanyi ni waigizaji. Wakati wa Noeli na wakati wa Pasaka, ninyi ndio mnaotafuta mashuka ya kufanya majoho na mti wa kufanya msalaba. Najua pia ugomvi unaotokea siku ya kugawa nafasi. Kila mmoja anataka kuwa Petro au Pilato; hakuna anayetaka kuwa yule mtumishi wa kike aliyekuwa karibu na moto katika ua wa kuhani mkuu. Lakini fikirini: Wainjili walikuwa na mambo makubwa ya kuandika usiku ule, na bado waliihifadhi sauti ya msichana huyo asiye na cheo. Bila yeye tusingejua jinsi mtume mkuu alivyoanguka. Aliyemwona Petro kwa kweli saa ile alikuwa mtumishi.

Basi siku mtakapoigiza habari za wakubwa wowote, iwe ni watakatifu, iwe ni machifu, iwe ni waanzilishi wa parokia yenu, fanyeni mambo mawili. La kwanza, ulizeni: nani aliyekuwa chumbani wakati jambo hili linatendeka, ambaye jina lake halikuandikwa? Nendeni kwa wazee mkaulize, maana bado wapo wanaokumbuka nani alifyatua matofali ya kanisa na nani aliteka maji ya kuyafinyangia. La pili, ulizeni: tumechagua siku gani, na siku hiyo inafunika siku gani nyingine? Mkipata majibu, mpeni mtu huyo nafasi jukwaani, hata kama ni ya maneno machache. Msimpe kijana mnayemdharau. Mpeni yule mwenye kipaji kuliko wote.

Dolley Madison alistahili makofi yake. Alingoja mpaka picha iokolewe, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayesikia mizinga. Lakini picha haikushuka yenyewe. Kulikuwa na ngazi, na aliyepanda ngazi, na aliyepakia gari, na kijana wa miaka 15 aliyetazama yote hayo akayatunza moyoni kwa miaka 50, mpaka siku alipopata uhuru wa kuyasema.